Mgonjwa wa Kutunziwa

Serikali ilitamka, na tamko likasomwa mara mbili kwa kipaza sauti chenye mikwaruzo katikati ya uwanja wa mnada, kwamba kuanzia tarehe mosi Julai ya mwaka ule hakuna mtu mwenye ugonjwa wa akili atakayefungwa kamba, mnyororo wala gogo, mahali popote. Kwamba kila anayewatunza wagonjwa wa namna hiyo, awe wa hospitali au wa mitishamba, atakaguliwa. Na kwamba kila mgonjwa, bila kuacha hata mmoja, atajulikana na Serikali kwa jina, kwa umri na kwa mahali anapolala. Msomaji alipofika kwenye "bila kuacha hata mmoja" alinyanyua kidole juu. Kisha mnada ukaendelea, na dume moja jekundu likapata mnunuzi.

Nyamizi Masunga, mjane mkazi wa Kasoli, wilayani Bariadi, alikuwa pale kununua chumvi, na kati ya wote waliolisikia tamko huenda ni yeye peke yake aliyerudi nyumbani akilifikiria. Halikumhusu. Nyumbani kwake hapakuwa na mwendawazimu. Ila alikuwa na tabia moja ambayo marehemu mumewe aliivumilia miaka kumi na tisa, na ndugu za mumewe hawakuivumilia hata wiki: alipenda kujua. Akiona lori limelala upande, alitaka kujua limebeba nini. Padri akihubiri habari za ngamia, alimngoja nje ya kanisa amuulize ngamia hunywa debe ngapi. Mwaka ule wa kwanza wanunuzi binafsi waliporuhusiwa kuingia vijijini kununua pamba, watu wengine waliuliza bei. Nyamizi aliuliza yale madaftari ya chama cha ushirika, yaliyoandikwa miaka yote ile, yamepelekwa wapi. Hakujibiwa na hakukasirika. Aliuliza kama wengine wanavyonusa ugoro.

Basi siku ile alitembea na chumvi yake kichwani akijiuliza jambo dogo: watu wa Serikali wakimwona mtu, watajuaje kama ni mgonjwa au ndivyo alivyo?

Tamko lilimhusu hasa Ngeleja, mganga, aliyekuwa na boma ng'ambo ya bwawa la kunyweshea mifugo. Watu walimletea ndugu zao waliorukwa na akili kutoka mbali, wengine kutoka Lalago na Malampaka, huko Maswa, na wakati ule alikuwa nao wanane. Ngeleja hakuwa katili. Aliwafunga kwa sababu wao walikuwa wanane na yeye mmoja, na kwa sababu mganga aliyemfundisha kazi naye alifunga. Baadhi ya dawa zake zilisaidia na nyingine hazikusaidia, na katika hilo hakutofautiana sana na zahanati.

Aliposikia wakaguzi wanakuja, Ngeleja alifanya kile ambacho kila Msukuma mwenye akili timamu hufanya Serikali inapokuja kuhesabu: aliwatawanya. Ndivyo ilivyokuwa kwa ng'ombe tangu enzi za wakoloni. Bwana mifugo akija, mtu mwenye ng'ombe arobaini alikutwa na sita. Waliobaki walikuwa kwa rafiki, kwa shemeji, kwa rafiki wa shemeji. Anayetunza anakunywa maziwa, mwenye mali anabaki na ng'ombe na ndama wake. Utaratibu huo haukuwa na karatasi hata moja, na hakuna aliyekumbuka ng'ombe aliyepotea ndani yake. Ngeleja hakuona kwa nini usifae kwa watu.

Ndiyo maana asubuhi moja alitokea uani kwa Nyamizi akiwa na mwanamume mrefu, mkimya, mwenye kovu kuzunguka kifundo cha mguu.

"Mwangaluka, mayu," Ngeleja alimwamkia mama mwenye nyumba kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, baba. Huyo nani?"

"Huyu ni wa siku tatu. Wakaguzi wakipita namchukua."

"Ana jina?"

"Salu. Wa Lalago."

"Anaumwa nini?"

"Mayu, ningejua angekuwa keshapona."

"Na huo mnyororo?"

"Huo ni wake." Ngeleja aliulaza chini karibu na kinu, polepole, kama mtu anayeweka mwavuli wa mgeni. "Saa nyingine hana tabu. Mfunge jua likikaribia utosini. Saa sita anaondoka."

"Anakwenda wapi?"

Ngeleja alimtazama. Salu alikuwa bomani kwake mwezi wa kumi na nne sasa, na swali hilo lilikuwa halijaulizwa na mtu yeyote, yeye mwenyewe akiwemo.

"Anaondoka," alisema tena, akaenda zake kuwagawa waliobaki.

Saa sita Nyamizi hakumfunga. Watu walikuja kusema baadaye kwamba alimwonea huruma, na padri alilitaja hilo kanisani, lakini ukweli ni kwamba alitaka kujua anakwenda wapi. Salu alisimama, akajipangusa suruali, akatoka. Nyamizi akamfuata hatua thelathini nyuma. Walipita mashamba, wakapita kisima, wakafika kwenye godauni la chama cha ushirika, lililofungwa kwa kufuli tangu chama kiishiwe pumzi. Salu alisimama mbele ya mlango, kando ya ile nguzo ilipokuwa ikining'inia mizani. Alisimama hivyo kiasi cha kupika ugali. Kisha akageuka, akarudi uani kwa Nyamizi, akakaa pale pale alipokuwa amekaa.

"Basi?" Nyamizi alimuuliza.

Salu alinyoosha miguu. Ndiyo ilikuwa basi.

Siku ya pili Nyamizi alimwaga pamba kwenye mkeka ili aichambue. Salu alisogea bila kuitwa. Akaanza kutenga: pamba safi huku, na ile fifi, yenye madoa na majani, kule. Alifanya kazi kama mtu anayesoma. Kila tonge alilipindua, akalitazama chini, akalitazama juu, akaamua. Hadi saa nne alikuwa ameshamaliza kazi ya Nyamizi ya siku mbili. Kazi yenyewe ilikuwa haina faida yoyote tena. Zamani chama kililipa bei mbili. Mnunuzi binafsi alikuwa na bei moja na haraka nyingi, na mafungu yote mawili aliyatumbukiza kwenye gunia moja. Nyamizi aliendelea kuchambua kwa mazoea. Kwa nini Salu aliendelea, hilo alikusudia kulijua.

Wakaguzi walikuja siku hiyo hiyo. Bomani kwa Ngeleja walikuta uwanja umefagiliwa na nguzo nane zimesimama zenyewe.

"Hizi nguzo za nini?" aliuliza mkaguzi mkuu, mtu wa mkoani, mwenye viatu vyeupe kwa vumbi.

"Za mbuzi."

"Na mbuzi?"

"Malishoni."

Mkaguzi aliandika. Wakati wa kurudi, Landrova yao ilichemka karibu na kwa Nyamizi, wakaingia uani kuomba maji, ya gari na ya kunywa. Mkaguzi mkuu alikunywa akitazama mkeka. Pembeni yake alikaa Joakim, muuguzi wa magonjwa ya akili wa wilaya, kijana mpole aliyefika Kasoli kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi na boksi la dawa kwenye pikipiki.

"Mama, huyu kijana wako anachambua vizuri," alisema mkaguzi mkuu. "Wangekuwa wote hivi, pamba yetu isingeshuka jina huko nje."

"Si wangu, ni mgeni. Samahani baba, hivi mgonjwa wa akili mnamjuaje?"

Mkaguzi alifurahi. Katika kata nne alizopita hakuna mwananchi aliyeonyesha kuijali fomu yake. Akaifungua kwenye paja. "Tunauliza. Anafanya kazi ya maana? Anakula bila kulazimishwa? Anazungumza peke yake? Anazurura bila sababu? Anakubaliana na wenzake?"

Nyamizi alipiga hesabu kimoyomoyo. Kwa fomu ile Salu alikuwa na alama nzuri kuliko shemeji yake Mboje, ambaye hakukubaliana na mtu. Alitaka kuuliza nani anaamua kazi ipi ni ya maana, lakini dereva akafunga boneti.

Ripoti iliandikwa wiki hiyo. Ilisema Kata ya Kasoli haina mgonjwa wa akili aliyefungwa, na kwa kweli haina mgonjwa wa akili. Ilikuwa na saini tatu, ya Joakim ikiwa ya mwisho.

Siku ya nne Ngeleja alirudi. Alikuwa ameshakusanya saba.

"Nimefuata mtu wangu."

"Pamba haijaisha, baba."

"Mayu, maziwa umekunywa. Ng'ombe arudi."

"Ng'ombe mwenyewe hafungwi siku hizi, si umesikia mnadani? Mwache mpaka pamba iishe. Mnyororo wako huo hapo karibu na kinu, haujaguswa. Uchukue."

Ngeleja aliutazama mnyororo, akamtazama Salu aliyekuwa akipindua tonge la pamba, na alikuwa mtu wa haki kwa namna yake. "Mpaka pamba iishe," alisema. Mnyororo aliuacha. Hakutaka kubeba mzigo mara mbili.

Katika majuma mawili yaliyofuata Nyamizi aliokota habari za Salu kipande kipande, kama mtu anayeokota maharage gizani. Salu mwenyewe alitoa neno moja tu, "fifi," akimrudishia pamba aliyoiweka vibaya. Mengine aliyapata kwa Eufrasia, mama muuza vyungu aliyezunguka minada yote hadi Lalago. Salu alikuwa karani wa kituo cha kununulia pamba cha chama, miaka kumi na mmoja. Kazi yake ilikuwa kutia mkono ndani ya gunia, kuchota katikati, na kumwambia mtu, hata kama ni baba mkwe wake: hii fifi, rudi ukachambue. Saa sita mizani ilifungwa, na karani alisimama mlangoni kuhakikisha hakuna anayeongeza gunia wakati wenzake wanakula. Chama kilipofungwa, aliendelea kwenda. Juu ya chanzo cha ugonjwa, watu wa Lalago walikuwa na maelezo matatu: alirogwa na wakulima aliowarudisha, alirogwa na ndugu yake, au alisoma sana. Aliishia darasa la saba.

"Na huyo ndugu yake haji kumwona?" Nyamizi aliuliza.

"Yuko kwenye biashara ya pamba sasa," alisema Eufrasia. "Hana nafasi."

Ukaja mwezi Agosti, na lori la mnunuzi likaegeshwa chini ya kijiji. Nyamizi alikuwa kwenye foleni na magunia yake mawili, Salu akiwa nyuma yake, na ilikuwa karibu saa sita. Kijana wa mnunuzi alichukua gunia la safi, akachukua la fifi, akayamimina pamoja kwenye robota.

Salu alipita mbele za watu wote bila kumgusa mtu. Akapanda lorini. Akakata robota la kwanza kwa kisu cha mnunuzi mwenyewe, akamwaga pamba yote kwenye vumbi na kuanza kutenga. Alipomaliza la kwanza akamwaga la pili. La tatu. Walipojaribu kumshika alipiga kelele, kelele ya karani: "Rudi ukachambue! Rudi ukachambue!" Walihitajika sungusungu sita kumlaza chini. Kinachosikitisha, wazee wawili kwenye foleni walitikisa kichwa na kusema mafungu yenyewe yalikuwa sawasawa.

Kamanda wa sungusungu alikuwa Mboje, shemeji yake Nyamizi. Alikaa uani kwa Nyamizi jioni ile na fimbo yake magotini, na Ngeleja kando yake, maana jambo lilikuwa limeshakuwa la wakubwa.

"Shemeji, leo ni pamba," alisema Mboje. "Kesho ni mtoto wa mtu."

"Hakumpiga mtu."

"Mimi alinitemea mate."

"Wewe ulikuwa umemkalia."

Ngeleja alikohoa. "Pamba imeisha, mayu. Tulisema mpaka pamba iishe."

"Akirudi utamfunga?"

"Sasa nitamfunga miguu miwili."

Nyamizi aligeuka kutazama mtini. Salu alikuwa amefungwa kamba kwenye mti wa uani, akitazama mikono yake. Kisha Nyamizi akauliza, na safari hii sauti yake haikuwa ya mtu anayetaka tu kujua: "Na kama akipata dawa? Ile ya pikipiki?"

Mboje alikuna kidevu kwa fimbo. Kwa Ngeleja hakuwa na imani sana. Aliwahi kutibiwa naye mgongo. "Ikiwa ya Serikali, tena tuione kwa macho, na akaimeza mbele yangu, sawa. Mpaka Jumapili. Misa ikiisha huna dawa, anarudi na mnyororo wake."

Alhamisi Nyamizi alikuwa wa kwanza kwenye benchi la zahanati. Joakim alifungua boksi lake. Lilikuwa limejaa; tangu Kasoli ionekane haina wagonjwa, dawa zilikuwa haziishi.

"Nataka dawa ya Salu, wa Lalago."

"Lalago ni Maswa, mama. Daftari langu ni la Bariadi."

"Anakaa kwangu."

"Tangu lini?"

"Tangu mlipokuja kuomba maji."

Joakim alifunga kalamu, akaifungua tena. "Yule wa mkekani?"

"Huyo."

"Tuliyemsifu."

"Wewe ulinyamaza. Aliyesifu ni mkubwa wako."

Joakim alicheka kidogo, kisha akaacha. Alieleza kwa upole, kwa sababu alikuwa mpole, na kwa sauti ya chini, kwa sababu hakuwa mjinga. Kila kidonge lazima kiwe na jina. Jina lazima liwe la mkazi wa kata, au liwe na barua kutoka wilaya yake iliyotiwa saini na ndugu. Ndugu yuko kwenye pamba. Na akimwandika Salu leo, huko juu watauliza alikuwa wapi siku ya ukaguzi. "Alikuwa mbele yetu, mama. Tunakunywa maji. Saini yangu iko pale chini."

"Kwa hiyo mgonjwa wa zamani haandikwi."

"Haandikwi."

"Na mgonjwa mpya?"

"Mpya anaandikwa. Ugonjwa unaweza kumwanza mtu hata jana. Ila awe mkazi wa hapa, kamanda amjue, mtendaji amjue."

"Mboje ananijua mimi," alisema Nyamizi.

Joakim aliweka kalamu chini. "Usifanye mchezo, mama yangu. Jina likiingia kwenye daftari hili halitoki."

"Halitoki kabisa?"

"Sijaliona likitoka."

Nyamizi alifikiria. Alifikiria kikao cha kanisa, ambako alikuwa mjumbe, na baraza la kijiji, ambako neno lake lilikuwa halisikilizwi sana hata kabla ya kuwa mwendawazimu. Alifikiria wanawake kisimani. Kisha akafikiria nguzo nane bila mbuzi.

"Uliza maswali yako," alisema.

"Unazungumza peke yako?"

"Nazungumza na ng'ombe. Wanasikiliza."

"Unazurura bila sababu?"

"Nimekwenda kwenye godauni lililofungwa kila siku, saa sita, zaidi ya mwezi."

Joakim aliandika. "Unakubaliana na wenzako?"

"Muulize shemeji yangu."

Jumapili baada ya misa Mboje alikigeuza kikopo cha vidonge mara tatu, akasoma jina juu yake kwa shida, akalisoma tena.

"Shemeji, hapa pameandikwa wewe."

"Ndiyo."

"Wewe ndiye kichaa?"

"Kwenye karatasi."

Mboje alicheka mpaka fimbo ikaanguka. "Miaka ishirini nasema katika ukoo huu! Ishirini! Leo Serikali imenisikia." Alipokwisha kujifuta macho alimpa Salu kidonge mwenyewe, akamtazama akimeza, na tangu siku hiyo hakuna aliyemtetea Nyamizi kwa watu wa nje kama yeye. Ngeleja naye alikuja kuchukua mnyororo. Safari hii alimuuliza Nyamizi, kwa namna ya mtu anayeuliza jambo lisilo na maana, vile vidonge vilikuwa vya rangi gani, na kama aliye na wagonjwa saba anaweza kuandikisha jamaa zake saba.

Mwezi wa kwanza Salu alilala tu. Wa pili akaanza kula vizuri. Saa sita alikwenda godauni kama kawaida, ila sasa akirudi alisema, "Nimerudi," na Nyamizi akamuuliza kumekuwaje huko, na siku nyingine alijibu. Wakati wa kupanda alilima ekari moja na robo. Wanawake kisimani walimpisha Nyamizi mbele ya foleni kwa hofu, na jambo hilo halikumkera.

Mwaka uliofuata mkaguzi mkuu alirudi. Kata ya Kasoli ilikuwa na mgonjwa mmoja kwenye daftari, na utaratibu ulitaka aonekane kwa macho. Alimkuta uani kwake, safi, hajafungwa, anashona gunia. Alimuuliza maswali ya fomu na yeye akamuuliza mawili ya kwake. Mkaguzi alifurahi sana. Alisema wazi mbele ya Joakim kwamba hajaona mgonjwa aliyeendelea vizuri namna hii katika mkoa mzima, na kwamba hapo ndipo tamko linapoonekana limetekelezwa.

"Dawa anakukumbusha nani?" aliuliza, kalamu ikiwa tayari.

Nyamizi alimwonyesha Salu, aliyekuwa akimletea mkaguzi maji kwenye kata.

Basi katika daftari, mbele ya jina la Nyamizi Masunga, mwanamke, miaka arobaini na saba, anayelala nyumbani kwake, kuna sehemu ya mtunzaji, na imejazwa kwa mwandiko mzuri: Salu, wa Lalago, mtu mzima, mwenye akili timamu.